Singa na mkia mrefu wa farasi wa Kiarabu: Pambo, urithi au mzigo?

MTU anapomwona farasi wa Kiarabu kwa mara ya kwanza, mambo mawili humvutia kabla ya mengine yote: singa laini zinazoshuka shingoni, na mkia unaoinuliwa juu kama bendera mnyama huyo anapokimbia.

Nywele hizo zimezua mabishano ya muda mrefu miongoni mwa wafugaji, waamuzi wa maonyesho, wapanda farasi na madaktari wa mifugo.

Wapo wanaoamini kwamba kadiri nywele zinavyokuwa ndefu, ndivyo farasi anavyostahili zaidi kuitwa wa Kiarabu. Wapo wanaoziona kuwa pambo lisilothibitisha damu wala ubora. Na wapo wanaosema kwamba farasi anayefanya kazi katika joto hubebeshwa mzigo usio na faida anapoachiwa singa nzito shingoni.

Mabishano hayo hayaishii kwenye urembo. Farasi anayependwa kwa nywele zake huweza kuuzwa kwa fedha nyingi na kuchaguliwa kuwa mzazi wa kizazi kijacho, ilhali mwenye miguu imara na pumzi ndefu akaachwa nyuma. Aidha, namna nywele zinavyotunzwa, kufungwa au kukatwa humgusa mnyama moja kwa moja, kwa sababu mkia ni kiungo anachokitumia kila siku.

Mfupa mfupi, nywele ndefu

Ili kuielewa hoja hii, ni lazima kwanza kutofautisha mkia wenyewe na nywele za mkia. Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo, wenye pingili, misuli na mishipa ya fahamu. Nywele ndefu huota kwenye ngozi inayoufunika mfupa huo, kisha huning'inia na kupita mbali mwisho wake.

Farasi wa aina nyingi huwa na pingili zipatazo 18 za mkia, jozi 18 za mbavu na pingili sita za kiuno. Farasi wengi wa Kiarabu, ingawa si wote, wana pingili 16 za mkia, jozi 17 za mbavu na pingili tano za kiuno. Tofauti hiyo ndogo hutajwa mara kwa mara na wafugaji wanapoeleza kwa nini aina hii ina mgongo mfupi na mkia unaoanzia juu.

Waarabu wenyewe waliliona jambo hili zamani. Emir Abdelkader, aliyeongoza mapambano ya Waalgeria dhidi ya Wafaransa katika karne ya 19, alimweleza Jenerali Eugène Daumas wa Ufaransa sifa za farasi bora, naye Daumas akayaingiza maelezo hayo katika kitabu chake kuhusu farasi wa Sahara. Miongoni mwa viungo ambavyo emiri huyo alitaka viwe vifupi ni mfupa wa mkia.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba farasi wa Kiarabu hana budi kuwa na mkia mrefu, swali la kwanza ni kama anazungumzia mfupa au nywele. Kwa mujibu wa wajuzi wa zamani, sifa iko katika mfupa mfupi, unaoanzia juu na kubebwa kwa fahari. Nywele ndefu ni jambo lingine.

Singa nazo hutofautiana. Farasi-mwitu wa Mongolia, anayejulikana kwa jina la Przewalski, ana singa fupi zilizosimama kama brashi. Farasi wa Friesland nchini Uholanzi na wale wa Andalusia nchini Hispania hujulikana kwa nywele nyingi na nzito. Farasi wa Akhal-Teke kutoka Turkmenistan ana singa chache mno, na hakuna anayemdharau kwa hilo. Za farasi wa Kiarabu kwa kawaida ni nyembamba na laini, na wingi wake hutofautiana baina ya koo na koo.

Waamuzi hutazama nini

Katika mfumo uliotumika kwa miaka mingi kwenye maonyesho ya farasi wa Kiarabu barani Ulaya, mwamuzi alitoa alama katika mafungu matano: sura ya jumla ya aina hiyo, kichwa na shingo, kiwiliwili na mgongo, miguu, na mwendo. Kila fungu lilikuwa na alama zisizozidi 20.

Hakuna fungu la urefu wa nywele. Namna farasi anavyoubeba mkia wake huhesabiwa, kwa kuwa ni sehemu ya sura na mwendo wa aina hiyo, lakini sentimita za nywele hazipimwi.

Hata hivyo, desturi ina nguvu yake. Katika maonyesho hayo farasi huletwa na singa zilizoachwa ndefu, na sehemu ndogo tu nyuma ya masikio hunyolewa ili hatamu ikae vizuri na umbo la koo lionekane. Nywele ndefu zimekuwa kama sare, na mfugaji anayemleta farasi mwenye singa fupi huhisi ameingia harusini na nguo za shambani.

Wafugaji wanaotetea desturi hiyo wana hoja ya msingi. Wanasema farasi wa Kiarabu aonyeshwe alivyoumbwa, bila kusukwa wala kupunguzwa nywele, na kwamba kuziacha ni ishara ya kuiheshimu aina yenyewe. Wanaongeza kuwa nywele zilizotunzwa vizuri huonyesha bidii ya mtunzaji.

Wanaopinga hujibu kwamba nywele nyingi hufunika mengi. Singa nzito huweza kuificha shingo fupi, na mkia mnene huweza kuficha udhaifu wa miguu ya nyuma unapotazamwa kutoka nyuma. Mnunuzi anayevutiwa na nywele anaweza kugundua kasoro baada ya kulipa.

Tamaa ya kuonyesha mkia ulioinuka imewahi pia kuzaa vitendo vya kikatili. Mojawapo ni kumpaka farasi tangawizi au kitu kingine kiwashacho kwenye njia ya haja kubwa, ili muwasho umfanye auinue mkia mbele ya waamuzi. Shirikisho la mashirika ya farasi wa Kiarabu barani Ulaya, ECAHO, lililoanzishwa mwaka 1983, limepiga marufuku kitendo hicho katika kanuni zake.

Suala la nywele za bandia nalo limejitokeza katika aina nyingine za farasi. Nchini Marekani, kanuni za maonyesho ya farasi wa Quarter Horse zimewahi kuruhusu mkia uongezwe nywele za kuunganisha. Kwa wapenzi wengi wa farasi wa Kiarabu, jambo hilo ni udanganyifu: ikiwa nywele ni ushahidi wa damu, wanasema, ushahidi haununuliwi dukani.

Mafundisho ya dini na heshima ya jangwani

Katika nchi za Kiislamu mjadala huu una upande mwingine. Katika mkusanyiko wa Hadithi wa Abu Dawud yamo mapokezi kutoka kwa sahaba Utba bin Abd as-Sulami, yanayokataza kukata nywele za paji la uso la farasi, singa zake na mkia wake. Sababu zinazotolewa ni tatu: mkia ndio anaofukuzia nzi, singa ndizo zinazompa joto, na nywele za paji la uso zimefungamanishwa na heri.

Wanazuoni wametofautiana kuhusu nguvu ya mapokezi hayo, kwa kuwa mmoja wa wapokezi hakutajwa jina. Lakini kauli kwamba heri imefungwa katika paji la uso la farasi hadi Siku ya Kiyama imo pia katika mikusanyiko ya Bukhari na Muslim, na inajulikana sana.

Kinachostahili kuzingatiwa ni aina ya hoja zinazotolewa. Mkia na singa hazitetewi kwa uzuri wake. Zinatetewa kwa manufaa yake kwa mnyama mwenyewe: kujikinga na wadudu na kujikinga na baridi. Ni hoja inayosikika karibu na ile ya madaktari wa mifugo wa leo.

Nchini Oman, farasi bado wana nafasi katika sherehe. Ardha ya farasi na ngamia, ambamo wapanda farasi huonyesha umahiri wao na wanyama hupambwa kwa vyombo vya fedha, iliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO. Katika sherehe za namna hiyo, shingo na mkia wa farasi ni sehemu ya heshima ya mwenyewe mbele ya watu.

Usinga aliozaliwa nao

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa ushahidi katika suala hili. Neno usinga lina maana ya unywele wa mnyama, na pia ni jina la kile chombo cha kufukuzia nzi kinachotengenezwa kwa nywele za mkia, ambacho wazee na viongozi wa Afrika Mashariki walikibeba kama alama ya mamlaka. Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, hakuonekana mara nyingi hadharani bila huo wake.

Farasi amezaliwa na usinga wake, na sayansi imethibitisha kwamba unafanya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu mikia ya wanyama kadhaa, wakiwamo farasi, pundamilia, twiga na tembo. Walibaini kwamba mkia unaopepea huzalisha upepo mwepesi wenye kasi ya takriban mita moja kwa sekunde, ambayo hukaribia kasi ya mbu anaporuka. Upepo huo peke yake uliweza kuwazuia hadi nusu ya mbu wasitue.

Wadudu wanaopenya hupigwa na nywele zenyewe. Ni hapo urefu unapokuwa na maana. Nywele zinazofika chini ya magoti ya nyuma hulifikia tumbo na ubavu, sehemu ambazo kichwa hakizifikii kwa urahisi. Mkia uliokatwa mfupi huacha sehemu hizo wazi kwa nzi na pange.

Historia ina mfano mchungu. Nchini Uingereza, kwa muda mrefu watu waliwakata farasi wa magari mkia pamoja na mfupa wake, kwa madai kwamba hatamu zisinaswe au kwa sababu tu mtindo ulitaka hivyo. Anna Sewell alikilaani kitendo hicho katika riwaya yake, Black Beauty, ya mwaka 1877, kupitia farasi mzee aliyepoteza mkia na kuteswa na nzi kila kiangazi. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kabla ya sheria ya mwaka 1949 kupiga marufuku ukataji huo nchini humo.

Hoja za wanaopunguza

Kukata mfupa ni ukatili. Kupunguza nywele ni jambo jingine. Wapo wapanda farasi wanaowapenda wanyama wao na bado hukata singa, tena kwa sababu zinazoeleweka.

Katika mchezo wa polo, singa hunyolewa kabisa na mkia husukwa na kufungwa, ili nywele zisijisokote kwenye fimbo na hatamu. Nchini Hispania, farasi majike wa kuzalisha wa Andalusia kwa desturi hunyolewa singa, na hakuna anayesema kuwa wamepungukiwa na damu.

Kwa farasi wa Kiarabu, hoja kubwa ni joto. Aina hii ndiyo inayotawala mbio za masafa marefu. Mashindano maarufu ya Tevis Cup katika jimbo la California, yaliyoanzishwa na Wendell Robie mwaka 1955, huwataka farasi na wapandaji kupita takriban kilomita 160 za milima na mabonde ndani ya siku moja, na farasi wa Kiarabu wamekuwa wakiyashinda kwa wingi.

Farasi hujipoza hasa kwa jasho linalokauka mwilini, na shingo ni eneo kubwa lenye mishipa mingi ya damu. Singa nene zilizolowa jasho huzuia upepo kuifikia ngozi. Ndiyo maana baadhi ya washindani huzisuka, huzifunga upande mmoja au huzinyoa kabisa msimu wa mbio unapokaribia.

Wengine katika mbio hizo hizo hawakubali kuzikata. Singa humsaidia mpandaji kujishikilia bila kumvuta farasi mdomo anapopanda mlima. Aidha, kuna mbinu ya mpandaji kushuka, kumtanguliza farasi na kuushika mkia wake ili avutwe juu ya kilima, jambo linalompumzisha mnyama mgongo. Mkia usio na nywele za kutosha haumfai mtu wa namna hiyo.

Mtunzaji anapaswa pia kukumbuka kwamba mkasi hufanya kazi ya dakika moja, na maumbile huilipa kwa miaka. Nywele za singa na mkia hukua takriban sentimita mbili kwa mwezi. Unywele wa sentimita 90 unahitaji karibu miaka minne, na hiyo ni iwapo haukukatika njiani.

Utunzaji unapogeuka adha

Hamu ya kupata mkia unaofagia ardhi imewafanya baadhi ya wafugaji kuusuka na kuufungia ndani ya mfuko wa kitambaa kwa wiki au miezi, ili usichanike wala kuchafuka. Hapo ndipo madaktari wa mifugo wanapotoa tahadhari.

Mkia uliofungwa ndani ya mfuko hauwezi kufukuza nzi. Farasi wa namna hiyo akiachwa malishoni wakati wa wadudu huwa kama mtu aliyefungwa mikono katikati ya mbu. Vilevile, bendeji au kamba ikikazwa kwenye mfupa wa mkia huzuia damu kupita, na kwa hali mbaya ngozi na nyama huweza kufa.

Katika miaka ya karibuni, mwelekeo wa sheria za michezo ya farasi umekuwa wa kuheshimu kile ambacho mnyama anakitumia. Tangu Julai 1, 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, limekataza kushindana kwa farasi walionyolewa ndevu za puani na pembeni mwa macho, kwa kuwa nywele hizo ni viungo vya hisia. Mantiki hiyo hiyo inapotumika kwa mkia, swali la mtunzaji huwa rahisi: je, ninachomfanyia kinampunguzia uwezo wake?

Kioo cha afya

Mahali ambapo pande zote hukubaliana ni kwamba nywele husema ukweli kuhusu afya. Singa zinazokatika ovyo au mkia uliobaki kama fimbo ni dalili ya kuchunguzwa, na mafuta ya dukani hayaponyi chanzo chake.

Usubi, wale wadudu wadogo wa jioni, huwasababishia baadhi ya farasi mzio mkali. Mnyama hujikuna kwenye miti na nguzo hadi singa na shina la mkia vinabaki ngozi tupu. Minyoo ya njia ya haja kubwa nayo humfanya ajisugue mkia ukutani.

Chakula kina nafasi yake. Nywele hujengwa kwa protini, na upungufu wa madini kama zinki na shaba huonekana haraka. Kinyume chake, madini ya seleniamu yakizidi huangusha nywele za singa na mkia na kuharibu kwato.

Mfugaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuwa macho. Mlusina, mti unaopandwa sana kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mbuzi, una sumu iitwayo mimosini. Farasi na punda wanaolishwa majani yake kwa wingi hupoteza nywele za singa na mkia. Aliyezoea kuona mbuzi wakinawiri kwa mlusina anaweza asijue kwamba ndio unaomnyoa farasi wake.

Kumbukumbu ya pwani

Farasi hawakuenea sana katika ukanda huu, na sababu ni hao hao wadudu. Mbung'o hueneza nagana, na usubi hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi wa wanaoambukizwa. Hata hivyo, farasi wa Kiarabu waliifahamu Zanzibar.

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, aliwatumia farasi kama zawadi ya kifalme. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, iliyoongozwa na Ahmad bin Naaman, ilifika New York ikiwa na farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Martin Van Buren. Kwa kuwa Katiba ya Marekani haimruhusu kiongozi kupokea zawadi za wafalme bila idhini ya Bunge, farasi hao waliishia kuuzwa.

Binti yake, Sayyida Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 namna watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda farasi.

Hata leo nywele za mkia wa farasi zinasikika visiwani humo bila wengi kutambua. Upinde wa fidla, chombo kisichokosekana katika taarabu, kwa desturi hufungwa nywele za mkia wa farasi.

Kauli inayobaki

Pande zinazobishana haziko mbali kama zinavyodhani. Anayependa nywele ndefu ana haki ya kuziacha, mradi anamwachia farasi uhuru wa kuzitumia na hamfungi kwa ajili ya zulia la maonyesho. Anayepunguza singa kwa sababu ya joto naye hana kosa, mradi mkia aliopewa mnyama kujikinga na wadudu unabaki.

Kwa mnunuzi, ushauri wa watu wa kazi hiyo ni wa zamani na mwepesi. Azishike singa kwa mkono mmoja na kuziinua, aitazame shingo. Ausogeze mkia kando, aitazame miguu ya nyuma. Kisha amwache farasi akimbie. Mkia utakaoinuka wenyewe, bila tangawizi wala kamba, ndio wa kuzungumzia bei.